Kutengeneza fremu ya nyuma na siti mpya: bomba gani, nikate wapi, kitako cha siti kiwe cha nini?

Gurudumu la Nyuma

Wakuu, habari zenu. Nina pikipiki ya silinda moja yenye shokapu mbili nyuma. Fremu yake ya nyuma imechomewa moja kwa moja kwenye fremu kuu, haifunguki kwa bolti. Nataka kuondoa mkia wa kiwandani na madigadi yake, niweke upinde mfupi wa bomba wenye taa ndani, halafu siti bapa ya kubeba dereva na mara mojamoja abiria.

Vipimo nilivyochukua: mabomba ya juu yana kipenyo cha nje cha mm 22, ukuta mm 2. Upana kutoka nje hadi nje ni mm 222. Kutoka mwisho wa tenki hadi kishikio cha juu cha shokapu ni mm 250. Siti ninayoiwaza ina urefu wa mm 620.

Vifaa: grinda, drili, jiliwa, mashine ya elektrodi na MIG ndogo ya gesi (mashine ya kuchomea kwa waya). Mashine ya kupinda bomba sina. Maswali yangu:

1. Nikate wapi, na kiungo cha bomba jipya na la zamani kiweje?
2. Upinde nitaupata vipi bila bomba kukunjika?
3. Kitako cha siti (bamba la chini linalobeba sponji): bati, alumini au faibaglasi?
4. Sponji unene gani?

---

Fundi Mabomba

Mkuu, vipimo vyako vimekaa vizuri ila kimoja hakipo, nacho ndicho kinachoamua vingine vyote: gurudumu linapanda hadi wapi shokapu zikibonyea mpaka mwisho. Watu wengi hupanga mstari wa siti pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi kubwa, gurudumu likining'inia. Hapo nafasi huonekana kubwa. Siku abiria anapanda na barabara ina shimo, tairi linagonga upinde au linakata waya wa taa.

Fanya hivi. Fungua shokapu zote mbili. Pima urefu wa shokapu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini ikiwa imenyooka, kisha toa urefu wote wa fimbo inayong'aa, pamoja na sehemu iliyofunikwa na kile kipira cha ndani. Huo ndio urefu mfupi kabisa, na ni salama kuutumia kwa sababu kwa kawaida kile kipira huzuia kabla ya kufika huko. Chukua vipande viwili vya flati bari (chuma bapa) mm 30 kwa 5, toboa matundu kwa umbali huo, uvifunge mahali pa shokapu. Sasa pikipiki imekaa kama iliyozama kabisa na haichezi. Chora kila kitu ukiwa na hali hiyo mbele yako. Kati ya tairi na chochote kilicho juu yake acha angalau mm 25 hadi 30, ukihesabu vichwa vya bolti na waya, siyo bomba peke yake. Usipige hesabu kwa kudhani gurudumu linapanda sawasawa na fimbo ya shokapu: shokapu ikilala, au ikifungwa mbele ya ekseli, gurudumu hupanda zaidi.

Toboa na jozi ya pili ya flati bari kwa urefu wa shokapu dereva akiwa ameketi. Hiyo itakupa mlalo halisi wa siti barabarani. Siti iliyochorwa bapa pikipiki ikiwa juu ya stendi inaweza kuwa na mlalo mwingine ikishuka chini, na dereva akawa anateleza kwenye siti.

Wapi ukate. Kwa shokapu mbili, kishikio cha juu cha shokapu ndicho kinachobeba nyuma yote ya pikipiki. Usikate mbele yake, wala usiguse bamba la pembe (kipande cha bati kinachoimarisha kona) linalokizunguka. Acha angalau mm 50 za bomba la zamani nyuma ya mwisho wa hilo bamba, ndipo uweke kiungo chako. Sababu: mwisho wa bamba la pembe ni mahali ambapo bomba gumu ghafla linakuwa laini, na nyufa hupenda kuanzia hapo. Ukiweka joto la weldi nyingine palepale umejumlisha udhaifu mara mbili. (Mwenye shokapu moja ya katikati ana uhuru zaidi, maana kwake fremu ya nyuma hubeba siti na watu tu.)

Bomba. Fuata la zamani: mm 22 kwa 2, chuma laini, lililovutwa bila mshono au lenye mshono wa kiwandani. Ukibadili kipenyo, kiungo kinakuwa shida bila faida. Usitumie bomba la fanicha lenye ukuta wa mm 1 au 1.2, linachomeka kwa tabu na likipata mzigo linabonyea kwanza upande wa chini. Usitumie bomba la maji lililopakwa zinki: moshi wake ni sumu, na zinki ikiingia kwenye weldi inaacha vitundu.

Upinde. Katikati ya bomba hadi katikati ya bomba una mm 200 (222 kutoa 22), kwa hiyo nusu duara yako ina nusu kipenyo cha mm 100, na urefu wa tao ni mm 314. Ongeza miguu ya mm 150 kila upande: mm 614. Nunua bomba la mita moja, maana mashine ya kupinda inahitaji mahali pa kushika, na ncha hutupwa. Nusu kipenyo cha mm 100 ni zaidi ya mara nne ya bomba lako, kwa hiyo linapindika bila taabu. Chini ya mara tatu ndipo matatizo huanza.

Ukienda kwa mwenye mashine ya haidroliki, uliza kwanza kalibu zake ni za nini. Nyingi ni za bomba la maji, na bomba la maji huitwa kwa tundu la ndani: la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha mm 21.3, la robo tatu lina mm 26.9. Bomba lako la mm 22 haliingii kwenye ya kwanza na linaelea kwenye ya pili, matokeo yake tao linakuwa bapa. Tafuta kalibu ya mm 22 hasa.

Bila mashine kabisa, njia ya mchanga inafanya kazi: jaza bomba mchanga mkavu, gongagonga pembeni hadi ushuke wote, ziba ncha kwa mbao, kimoja cha vizibo kiwe na kitundu. Pasha hadi wekundu mkali, pinda kuzunguka kalibu ya chuma taratibu. Mchanga uwe umekaangwa ukakauka kweli. Unyevu ndani ya bomba lililozibwa hugeuka mvuke na unaweza kulirusha au kulipasua.

Kiungo. Usiunge ncha kwa ncha bila kitu ndani. Weka plagi ya chuma ndani ya bomba: tundu lako la ndani ni mm 18, basi plagi iwe mm 17.8, urefu mm 80, nusu kila upande. Bomba lenye mshono lina ukingo mdogo ndani, upunguze kwa tupa ya mviringo au chonga mfereji kwenye plagi, usiipigilie kwa nyundo. Toboa matundu mawili ya mm 8 kwenye kila bomba, yakitazamana, mm 20 kutoka kwenye mkato. Hayo utayajaza weldi ili yashike plagi. Kwenye mkato wenyewe acha mwanya wa mm 2 na usage kingo ziwe na mteremko, ili weldi ifike hadi kwenye plagi. Mabomba yakigusana kabisa utapata weldi nzuri ya kutazama iliyokaa juu juu.

Unyoofu. Injini ibaki ndani ya fremu, bolti zake zimekazwa. Pimamaji ionyeshe sawa kwenye ekseli ya nyuma na kwenye upinde. Halafu vuta futi kutoka katikati ya kichwa cha usukani hadi ncha ya kushoto ya upinde, kisha ya kulia: tofauti isizidi mm 2. Shikiza kwa matone madogo ya weldi, manne kwa kila kiungo, pima tena, ndipo uendelee. Kabla ya weldi kamili, chomea kwa muda kipande cha bomba kukingama kati ya reli mbili ili zisivutane.

---

Weldi Taratibu

Fundi Mabomba amemaliza mengi. Naongeza upande wa moto, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri huharibika.

Kabla ya kuwasha mashine: toa betri, chomoa CDI (kisanduku kinachoongoza cheche za plagi) au kompyuta ya injini, toa tenki na ulipeleke mbali. Kibano cha arthi kifungwe kwenye fremu yenyewe, sm 10 hivi kutoka unapochomea, kwenye chuma kilichosuguliwa. Ukikifunga kwenye gurudumu au kwenye injini, umeme unapita kwenye beringi na kuacha madoa ya cheche kwenye gololi zake. Beringi itaanza kulia baada ya muda na hutajua chanzo.

La pili lina hatari kubwa zaidi. Usisafishe bomba kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini halafu ukachomea. Mabaki yake yakikutana na joto na mwanga wa weldi hutoa fosjini, gesi ya sumu kali. Tumia asetoni, iache ikauke yote, na chupa uiweke mbali. Rangi iondoe mm 30 kila upande wa kiungo hadi chuma king'ae, na ndani ya mdomo wa bomba pia.

Kwa ukuta wa mm 2 tumia MIG yako: waya mm 0.8, mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi, ampea kati ya 70 na 90. Elektrodi inawezekana, mm 2 au 2.5, lakini kwenye bomba dogo unazunguka huku mkono ukibadili pembe, na taka zinabaki ndani ya weldi usipoangalia. Usichome mzunguko wote mfululizo. Robo ya juu, kisha robo ya chini, nenda kiungo cha upande wa pili, rudi. Weldi ikipoa huvuta bomba kuelekea upande wake. Ukimaliza kushoto kwanza kisha kulia, upinde unahama na hakuna nyundo ya kuurudisha bila kuacha alama. Usimwagie maji. Iache ipoe yenyewe.

Ukiwa na bomba lililofungwa pande zote, kwa mfano kikingamo kati ya reli, toboa kitundu cha mm 3 mahali pasipoonekana kabla ya kufunga kiungo cha mwisho. Hewa ya ndani ikipata joto hutafuta njia na hutokea kwenye weldi yako ya mwisho ikiwa bado ni maji, ndiyo sababu tone la mwisho la weldi hukataa kuziba. Kitundu hicho cha mm 3 kitakusaidia pia kunyunyiza mafuta ya kuzuia kutu ndani, halafu ukizibe kwa kizibo cha mpira.

Na tafadhali: tengeneza kiungo cha majaribio kwanza. Bomba lilelile, plagi ileile, mipangilio ileile. Kifunge kwenye jiliwa, ingiza bomba refu juu yake, pinda kwa nguvu. Bomba likipinda pembeni ya weldi, mipangilio yako ni mizuri. Weldi ikifunguka, ongeza ampea au mwanya, rudia. Kingine kikate katikati kwa msumeno utazame kama chuma kimeungana hadi kwenye plagi.

---

Gurudumu la Nyuma

Nimeelewa wakuu, na hili la flati bari nitaanza nalo. Swali la nyongeza: fremu ya kiwandani ina bomba la chini linalotoka karibu na swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na kupanda hadi kwenye kishikio cha shokapu, halafu nyuma ya hapo reli za juu zinaning'inia bila kitu chini. Yangu nayo itaning'inia hivyo hivyo, ila siti itakuwa ndefu kidogo. Je, abiria anahitaji bomba la mshazari, au bomba la mm 25.4 linatosha?

---

Mizigo na Mikato

Tuipige hesabu, ni fupi.

Chukua abiria wa kilo 80. Kwa siti yako ya mm 620, uzito wake utakuwa mm 500 hivi kutoka kwenye tenki, yaani mm 250 nyuma ya kishikio cha shokapu. Barabara ina mashimo, hivyo zidisha kwa 3: 80 × 9.81 × 3 ni newtoni 2,354. Kwa mkono wa mita 0.25, nguvu ya kupinda ni newtoni-mita 589. Reli ni mbili, kila moja inapata 294.

Bomba la mm 22 kwa 2 lina moduli ya mkato (kipimo cha uwezo wa umbo lake kukataa kupinda) ya milimita za ujazo 577. Gawanya: megapaskali 510. Bomba la mm 25.4 kwa 2 lina 798, unapata megapaskali 369. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali 250 hivi, na kiungo cha weldi kikipigwa mara nyingi hupasuka chini sana ya hapo. Kwa hiyo jibu ni kwamba kuongeza kipenyo hakutoshi. Yote mawili yanashindwa.

Sasa weka bomba la mshazari kila upande, likutane na reli mm 200 nyuma ya kishikio. Kinachoning'inia nyuma yake hadi kwa abiria ni mm 50 tu. Nguvu ya kupinda hapo inashuka hadi newtoni-mita 118, yaani 59 kwa kila reli, na kwa bomba lako lilelile la mm 22 unapata megapaskali 102. Umepunguza mara tano bila kununua bomba nene. Mshazari wenyewe unabeba mgandamizo wa kilonewtoni 3 hivi kila upande, ambao kwa bomba la mm 19 au 22 ni mzigo mdogo.

Mambo mawili kuhusu kuuweka. Mguu wake wa chini uangukie karibu na mahali ambapo bomba la chini linakutana na bomba jingine au bamba. Ukiangukia katikati ya bomba refu, umehamisha tatizo: sasa bomba la chini ndilo linalopinda. Na upite kati ya shokapu na tairi ukiacha mm 15 hadi kwenye springi, kwa sababu springi hutanuka kidogo ikibonyea na shokapu nayo hucheza kwenye bushi zake. Tazama na upande wa cheni pia, kwenye hali ya flati bari fupi.

Midomo ya mshazari ichongwe mfano wa mdomo wa samaki ikae juu ya reli bila mwanya unaozidi mm 1. Nafasi kubwa iliyojazwa weldi ni kiungo dhaifu.

Mahali pa kupitishia waya pia pana hesabu yake. Ukitoboa reli kwa ajili ya waya, toboa ubavuni, katikati ya urefu wa bomba. Bomba likipinda wima, juu linavutwa na chini linagandamizwa, ubavuni panabaki pametulia. Tundu la mm 8 juu ya reli karibu na weldi ni mwaliko wa ufa.

Kama hutaki mshazari, fupisha siti iwe ya mtu mmoja na uondoe pedali za abiria kabisa. Mradi zipo, kuna mtu atapanda.

---

Mshona Siti

Nakuja kwenye siti. Niseme kwanza kwamba siti na fremu zichorwe pamoja. Kitako cha siti kinataka mahali pa kukalia, mahali pa kujishika mbele na mahali pa bolti nyuma, na vyote hivyo vinachomewa kabla ya rangi. Mbele: ulimi wa flati bari unaoingia chini ya kikingamo nyuma ya tenki. Nyuma: bolti mbili za M6 zinazopanda kutoka chini, nati zake zikiwa zimechomewa au zimefungwa kwa riveti kwenye kitako. Kati ya kitako na reli weka vipira sita vya unene wa mm 10, vitatu kila upande. Uzito ushuke kupitia vipira, siyo kupitia bolti. Bolti zikibeba uzito, kitako kinapasuka kuzizunguka.

Kitako. Alumini ya mm 3 ni nzuri kama siti ni bapa kweli. Bati la chuma la mm 1.5 linafaa, ila kunja kingo zake mm 15 kwenda chini, vinginevyo linayumba na kulia. Kwa siti yenye tao au inayopanda nyuma kufuata upinde, faibaglasi haina mpinzani, kwa sababu inachukua umbo la fremu yako hasa, pamoja na makosa yake madogo.

Kwa faibaglasi: funika tenki, injini na kila kilichopakwa rangi, maana matone ya resini hayaondoki. Funga vipira kwenye reli, ziba nafasi kati ya reli kwa kadibodi, paka utepe juu yote, kisha nta tabaka tatu. Eneo lako pamoja na kingo ni kama mita za mraba 0.2. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hukupa takriban mm 1 kwa kila tabaka, weka manne. Huo ni mkeka wa gramu 360, na resini ya poliesta ni mara mbili na robo ya uzito huo, gramu 810. Andaa kilo moja. Changanya gramu 200 hadi 250 kwa wakati mmoja, hadena (dawa ya kugandisha resini) asilimia 1 hadi 2 kwa uzito, na hali ya hewa ikiwa ya joto baki kwenye 1. Ukichanganya zote kwa pamoja zitaganda kwenye ndoo na kutoa moshi kabla hujamaliza tabaka la pili. Hadena na akseleta ya kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) visikutane kamwe moja kwa moja, hulipuka. Kimoja kiwe kimeshachanganyika kwenye resini kwanza. Resini nyingi huuzwa akseleta ikiwa tayari ndani.

Kila tabaka litoe viputo kwa brashi fupi kwa kudonoadonoa, siyo kwa kupaka. Mahali penye doa jeupe pana hewa, na hapo ndipo patavunjika. Acha siku nzima kabla ya kuvua. Mahali pa bolti na ulimi ongeza tabaka mbili na bamba la chuma la mm 2 katikati yake. Toboa matundu mawili ya mm 6 mahali pa chini kabisa, maji yatoke.

Sponji. Tabaka mbili tofauti. Chini, mm 35 hadi 40 za sponji ngumu ya vipande vilivyogandishwa. Juu yake mm 15 hadi 20 ya sponji laini zaidi. Jumla karibu mm 55 kabla ya kuchonga. Ukiweka sponji laini peke yake, hata ya mm 80, ukiibonyeza dukani inapendeza na baada ya nusu saa ya safari mfupa umefika kwenye kitako. Bonyeza kwa goti na uzito wote wa mwili: ikigusa chini, haifai. Gundi ipakwe pande zote mbili, isubiriwe hadi isinate kidoleni, ndipo uunganishe. Ikiwa mbichi katikati haitakauka kamwe, na sponji itatelezateleza ndani.

Kuhusu umbo: mifupa ya kukalia ina umbali wa sm 10 hadi 15, kwa hiyo mahali pa kukalia pasipungue upana wa mm 200 ulio bapa. Watu huchonga siti nzima ikawa ya mviringo kwa juu ili ionekane nyembamba, na dereva anabaki ameketi juu ya kigongo. Nyembamba iwe mbele, mm 140 hivi, miguu ishuke chini vizuri. Chonga kwa blade ndefu ya msumeno wa chuma, malizia kwa flapu diski (diski ya vipande vya msasa) ya namba 60 kwenye grinda kwa mguso mwepesi. Mikwaruzo yote midogo itaonekana kupitia ngozi, kwa hiyo funika na sponji nyembamba ya mm 4 hadi 5 mwishoni.

Kifuniko. Ngozi bandia ya nje inayovutika, unene mm 1 hadi 1.2. Funga siti kwa plastiki nyembamba na utepe, chora mistari ya mishono, weka alama za kukutania kila mm 50, kata, tandaza bapa, ongeza mm 12 za mshono. Uzi wa poliesta, kamwe si pamba. Pamba huoza kwa jua na mvua. Sindano namba 110, hatua ya mshono mm 4. Hatua ndogo kuliko hapo hutoboa ngozi kwa kufuatana na kuigeuza kuwa kama stempu, inachanika kwenye mstari. Usipitishe mshono mahali pa kukalia. Kila tundu la sindano ni njia ya maji, hivyo bandika utepe wa kuzuia maji nyuma ya mishono na utandaze plastiki nyembamba juu ya sponji.

Kuvalisha: pasha ngozi kidogo, shika katikati ya mbele, katikati ya nyuma, kisha pande mbili kwa zamu kutoka katikati kwenda kwenye kona. Pini za stepla za chuma kisichoshika kutu, mguu mm 6, kila mm 10. Kwa faibaglasi ya mm 4 zitatokeza kidogo kwa ndani. Zilaze kwa nyundo kabla hazijafika kwenye sponji, au tumia riveti. Kwenye alumini na bati tumia gundi na riveti zenye washa.

---

Waya na Fyuzi

Mawili mafupi. Ukiweka betri chini ya siti, pima nafasi kati ya nguzo ya chanya na kitako siti ikiwa imekaliwa, siyo ikiwa tupu. Kitako cha alumini au bati kikishuka na kugusa nguzo hiyo, ni shoti ya moja kwa moja bila fyuzi. Acha mm 15, weka kofia ya mpira kwenye nguzo, na gundisha kipande cha mpira chini ya kitako mahali hapo. Betri ya maji iwe wima na bomba lake la hewa litoke chini ya fremu; asidi ikirudi kwenye weldi mpya, kutu huanza haraka.

La pili: indiketa za LED hula umeme kidogo, na flasha (kifaa kinachozipepesa) ya zamani itapepesa haraka ikidhani balbu imeungua. Badilisha flasha, tafuta ile isiyotegemea mzigo. Na arthi ya taa ivutiwe waya wake hadi kwenye betri. Fremu iliyopakwa rangi mpya haipitishi umeme vizuri kwenye bolti.

---

Gurudumu la Nyuma

Asanteni sana wakuu. Nimeamua kuweka mshazari. La mwisho: weldi za upinde nizisage ziwe laini kabla ya rangi? Na nitajuaje kwamba fremu iko sawa kabla ya kumpandisha mtu?

---

Weldi Taratibu

Kiungo chenye plagi ndani, unaweza kusawazisha kilele cha weldi kwa flapu diski, ukiishia kwenye usawa wa bomba na si zaidi. Ukila bomba lenyewe hadi mm 1.5, umeondoa robo ya ukuta mahali palepale pa joto. Viungo vya mshazari na reli usivisage kabisa. Hapo weldi ndiyo inayobeba. Ukiona kijifereji kando ya weldi, jaza kwanza, usikifiche kwa kusaga wala kwa puti.

Kupima: funga flati bari za urefu wa kawaida mahali pa shokapu, weka alama ya ncha ya upinde kwenye ubao uliosimama pembeni, kisha pakia mifuko ya mchanga mahali pa abiria, kilo 160, yaani mara mbili ya abiria. Acha saa moja, pakua. Ncha irudi kwenye alama ileile. Ikibaki chini hata mm 2, kuna mahali pamepinda, na hupaki rangi mpaka upaone. Baada ya hapo pitisha dawa ya kutafuta nyufa, ile ya kupulizia nyekundu, kufuta, kisha nyeupe, kwenye kila kiungo. Mstari mwekundu unaojitokeza juu ya nyeupe ni ufa. Usage hadi mwisho wake ndipo uchomee upya.

Praima na rangi tumia ya kung'aa na nyepesi kwenye viungo, usipake tabaka nene za rangi ya unga pale. Nyufa huonekana mapema kwenye rangi nyembamba, kwa mstari wa kutu. Toa siti ukague baada ya km 100, tena km 500, hasa nyuma ya kishikio cha shokapu na miguu ya mshazari.